KUFUNGA NA KUPIMA KIYOYOZI CHA VYUMBA VINGI: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

1. Utangulizi

Matumizi ya viyoyozi katika Visiwa vyetu hayawezi tena kuhesabiwa kuwa ni anasa kwa kila hali. Masjala huhifadhi majalada ambayo unyevu wa bahari huyaotesha ukungu. Ghala la dawa hutakiwa lisipindukie nyuzijoto zilizoandikwa juu ya maboksi. Na vyombo vya hesabu na mawasiliano huharibika upesi katika joto la Kaskazi. Kwa sababu hiyo fedha nyingi za umma, na fedha za wananchi majumbani mwao, hutumika kununua na kufunga mitambo hii.

Hata hivyo, mara nyingi kazi ya fundi hupokelewa kwa kipimo kimoja tu: mpokeaji hunyoosha mkono mbele ya mashine, akahisi ubaridi, kisha akatia saini. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi, na ni vipimo gani vinavyopasa kufanywa na kuandikwa kabla ya kazi kukubaliwa. Jambo la msingi ni hili: mtambo unaovuja polepole hutoa ubaridi siku ya kwanza sawasawa na mtambo uliofungwa vyema. Tofauti yao huonekana baada ya miezi, wakati mkandarasi ameshalipwa, dawa zimeshapata joto, na afisi inaagiza gesi nyengine ambayo nayo itavuja vile vile.

2. Mtambo huu ni wa namna gani

Kiyoyozi cha vyumba vingi kinachozungumzwa hapa ni kile kisichotumia mifereji ya bati ya kusambazia hewa. Kina mashine moja ya nje, yenye kompresa, ambayo huhudumia mashine za ndani mbili hadi tano kwa kawaida, kila moja katika chumba chake. Kila mashine ya ndani huungwa na ile ya nje kwa mabomba mawili ya shaba, jembamba na nene, pamoja na waya wa umeme na wa mawasiliano, na bomba la kutolea maji.

Mtambo hautengenezi ubaridi, bali huhamisha joto. Gesi ya kupozea huingia katika mashine ya ndani ikiwa kimiminika, huchemka kwa kupokea joto la chumba, na hurudi nje ikiwa mvuke. Kompresa huushindilia mvuke huo, na feni ya nje huliondoa joto lake. Unyevu uliomo katika hewa ya chumba huganda kuwa matone juu ya mabomba baridi na hutiririka nje; na kwa masjala faida hii ya kukausha hewa ni kubwa sawa na ile ya ubaridi.

Mitambo mingi ya namna hii ina vali inayoweza kugeuza mwendo wa gesi, ili joto lichukuliwe nje na kuletwa ndani. Katika nchi za baridi huo ndio ukaaji wa nyumba wakati wa kipupwe. Hapa kwetu kazi hiyo haihitajiki, lakini inapaswa kufahamika, kwani ni chanzo cha malalamiko. Mashine ya nje ni moja, na kwa mitambo ya kawaida haiwezi kupoza chumba kimoja na kupasha joto chumba chengine kwa wakati mmoja. Chumba kinachowashwa mwanzo ndicho kinachoamua, na vilivyobaki husubiri, taa zao zikimetameta.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya chenye vyumba vitatu vinavyohudumiwa na mashine moja ya nje: chumba cha daktari, masjala ya wagonjwa na ghala la dawa. Mtu akibonyeza kwa kutojua alama ya jua katika rimoti ya chumba cha daktari asubuhi, ghala la dawa huweza kukaa bila kupozwa mpaka jioni, na hakuna kitu chochote kilichoharibika. Mitambo mingi huweza kufungiwa katika kazi ya kupoza pekee. Fundi atakiwe afanye hivyo kabla ya kuondoka.

3. Kabla ya kufunga

Mambo yafuatayo yaamuliwe kabla ya kununua:

(a) Ukubwa. Nguvu ya mashine hutajwa kwa BTU kwa saa. BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza upesi ikazima kabla ya kukausha hewa, na chumba kikabaki baridi na chepesi wa ukungu. Aidha, jumla ya mashine za ndani huweza kuzidi uwezo wa ile ya nje. Vyumba vyote vikiwashwa pamoja, kila kimoja hupata pungufu ya kilichoandikwa. Mkandarasi atakiwe kueleza kwa maandishi kila chumba kitapata kiasi gani hali vyote vikifanya kazi.

(b) Chumba kisichoweza kusubiri. Mashine moja ya nje ikiharibika, vyumba vyote hukosa huduma. Kwa hiyo ghala la dawa, au chumba chengine ambacho hakivumilii kusimama, ni vyema kiwe na mashine yake peke yake, hata ikiwa gharama itaongezeka. Ikumbukwe pia kwamba kiyoyozi si badala ya jokofu: chanjo zinazotakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi hazihifadhiwi kwa kiyoyozi.

(c) Gesi. Mashine za zamani zilitumia gesi ya R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Montreal mwaka 1993, na kwa mujibu wa ratiba ya nchi zinazoendelea gesi za jamii hiyo huondoshwa ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi mwaka 2040. Kununua mashine ya R-22 ni kununua mzigo. R-410A na R-32 haziharibu ozoni, lakini zikiachiwa hewani huongeza joto la dunia: R-410A kwa kiasi cha mara 2,088 na R-32 mara 675 ya uzito ule ule wa hewa ya ukaa. R-32 ina sifa ya kuweza kuwaka kidogo, na fundi awe na mafunzo nayo.

(d) Mahali pa mashine ya nje. Chumvi ya bahari hula mapezi ya aluminiamu na vyuma vya kubebea. Inunuliwe mashine ambayo mapezi yake yamepakwa kinga, na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Mashine iwekwe mahali inapopata hewa, isipopigwa na jua la mchana kutwa ikiwezekana, na inapofikika kwa kuoshwa.

(e) Nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na hazishiki misumari mikubwa kama zege. Mashine nzito isiningʼinizwe ukutani bila ya kuuchunguza ukuta. Ni bora ikae chini uani au juu ya sakafu ya paa iliyo imara. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mabadiliko ya sura ya nje ya jengo yanahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Maji ya mashine yasiachiwe kudondokea kichochoroni juu ya wapita njia wala juu ya ukuta wa jirani.

4. Kufunga

Tundu la kupitishia mabomba lichimbwe likiinamia nje, ili maji yasirudi ndani, na lizibwe baada ya kazi. Bomba la maji literemke mfululizo bila ya kupanda popote. Mabomba yote mawili ya shaba yavishwe sponji, kila moja peke yake. Yakivishwa pamoja, au pakiachwa sehemu tupu, yatatoka jasho na kulowesha ukuta na dari.

Sehemu inayohitaji hadhari kubwa ni viungo. Mdomo wa bomba hupanuliwa mfano wa faneli, mafundi wakiita fleya, kisha hukazwa kwa nati. Kila chumba kina mabomba mawili, na kila bomba lina ncha mbili. Basi vyumba vitatu vina viungo 12, na vyumba vitano vina viungo 20. Pale ambapo gesi inazunguka kwa kompresa moja, kiungo kimoja kinachovuja huweza kuvinyima ubaridi vyumba vyote. Ndiyo maana fundi anayekaza kwa kukisia hatoshi. Atumie spana yenye kipimo: nati ya bomba la robo inchi kwa kawaida hukazwa baina ya Nm 14 na 18, na ya inchi 3/8 baina ya Nm 34 na 42. Ikilegea huvuja, na ikikazwa mno hupasua shaba.

Mtambo upewe njia yake ya umeme kutoka kwenye bodi, yenye kikata umeme cha ukubwa uliotajwa na mtengenezaji, waya wa ardhi, na swichi ya kuzimia karibu na mashine ya nje. Waya na mabomba ya kila chumba yawekewe alama moja katika ncha zote mbili. Sababu ya alama hizi itaonekana katika kipimo cha nne.

5. Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza: shinikizo. Kabla ya kufungua vali za mashine ya nje, mabomba na mashine za ndani hujazwa naitrojeni kavu kwa kupitia kidhibiti shinikizo. Kwa R-410A na R-32 kiwango kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kiasi cha bar 41.5. Shinikizo hupandishwa kwa hatua, na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni. Kisha mtambo huachwa kwa saa 24.

Anayesoma geji azingatie joto. Kwa shinikizo hilo, kila nyuzi moja ya joto hubadilisha kipimo kwa kiasi cha bar 0.14. Mtambo uliojazwa alasiri kwa nyuzi 31 na kusomwa alfajiri kwa nyuzi 25 utaonyesha kiasi cha bar 40.7, na huko si kuvuja. Jambo la haki ni kusoma saa ile ile ya siku ya pili, katika joto lile lile. Hapo geji inatakiwa ionyeshe kile kile kilichoandikwa jana.

TAHADHARI: Oksijeni isitumiwe kamwe kwa kipimo hiki. Ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo huripuka, na huweza kuua. Wala isitumiwe pampu ya upepo wa magurudumu, kwani huingiza unyevu. Moto usitumiwe kutafutia mvujo.

Kipimo cha pili: ombwe. Naitrojeni ikishatolewa, pampu hufyonza hewa na unyevu wote uliobaki ndani ya mabomba. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa haionekani. Baadhi ya mafundi huachia gesi kidogo isukume hewa nje, na kusema imetosha. Haitoshi. Mafuta ya mashine za R-410A na R-32 hunywa unyevu kwa upesi, na unyevu huo hugeuka tindikali ndani ya kompresa. Nayo hewa ya visiwani imejaa unyevu mwaka mzima.

Kipimo hiki husomwa kwa chombo cha mikroni, si kwa geji ya kawaida, ambayo haioni tofauti ndogo kiasi hicho. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ni mikroni 760,000. Pampu iteremshe hadi chini ya 500. Kisha vali ifungwe, pampu izimwe, na chombo kitazamwe kwa muda wa dakika 15 hadi 30. Kipimo kikitulia, mabomba ni makavu na hayavuji. Kikipanda kidogo kisha kikasimama, umebaki unyevu, na pampu iwashwe tena. Kikipanda bila kusita, kuna mvujo, na kazi irudi kwenye kipimo cha kwanza.

Gesi hufunguliwa baada ya hapo tu. Gesi iliyotiwa kiwandani hutosha urefu fulani wa bomba. Unaozidi huongezewa kwa gramu za kila mita kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoeleza. Gesi hiyo hupimwa kwa mizani, haikisiwi kwa kugusa bomba.

Kipimo cha tatu: umeme na maji. Umeme ukiwa umezimwa, fundi apime kinga ya nyaya, isipungue megaomu 1, na ahakikishe waya wa ardhi umeunganika. Umeme ukishawashwa apime volti mtambo ukiwa unafanya kazi: kwa umeme wa volti 230, mashine nyingi hukubali baina ya 207 na 253. Pale ambapo volti hushuka mara kwa mara, kifungwe kilinzi cha volti chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika chache. Kisha imwagwe lita moja au mbili za maji katika sinia ya kila mashine ya ndani, na yaonekane yakitoka yote nje.

Kipimo cha nne: chumba baada ya chumba. Hiki ni cha mtambo wa vyumba vingi hasa. Waya wa chumba cha kwanza ukiungwa kimakosa mahali pa chumba cha pili, daktari atakapowasha mashine yake, vali ya ghala ndiyo itakayofunguka. Vyumba vyote vikiwashwa kwa pamoja kosa hili hujificha, kwani kila pahala pana ubaridi. Litajitokeza siku ambayo chumba kimoja kimezimwa.

Kwa hiyo kiwashwe chumba kimoja pekee, vyengine vikiwa vimezimwa. Baada ya dakika 15 au 20 yapimwe joto la hewa inayoingia na inayotoka katika mashine hiyo. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida, ingawa chumba chenye unyevu mwingi huweza kuwa chini ya hapo kwa muda. Ihakikishwe kwamba mabomba ya vyumba vilivyozimwa hayakupoa kwa namna hiyo hiyo. Utaratibu huu urudiwe kwa kila chumba, na mwisho vyote viwashwe pamoja, vipimo viandikwe upya.

6. Kupokea kazi

Mpokeaji si lazima awe fundi, lakini awe na karatasi. Kabla ya kutia saini, apatiwe hati yenye mambo haya:

(a) shinikizo la naitrojeni, joto la hewa na saa, mwanzo na baada ya saa 24;
(b) mikroni zilizofikiwa, na zilizosomwa baada ya kusubiri;
(c) aina ya gesi, na gramu zilizoongezwa;
(d) kinga ya nyaya, volti na ampea mtambo ukifanya kazi;
(e) joto la kuingia na kutoka kwa kila chumba peke yake, na vyumba vyote pamoja;
(f) mchoro mdogo unaoonyesha bomba na waya gani ni wa chumba gani;
(g) jina na saini ya fundi, na tarehe.

Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa bodi ya umeme, na nyengine iwekwe katika jalada la jengo. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atajua mtambo ulikuwaje ulipokuwa mzima. Inafaa pia mkataba utaje vipimo hivi tokea mwanzo, ili gharama ya saa 24 za kusubiri na ya naitrojeni isije ikageuka kuwa ubishi. Mwananchi anayemwita fundi nyumbani kwake anayo haki ile ile ya kuuliza: "Umepima kwa nini, na umeona nini?"

7. Baada ya kupokea

Umeme wa Unguja huletwa kutoka Tanzania Bara kwa waya wa baharini. Wananchi wengi hawajasahau kukatika kwa umeme mwezi wa Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kutumika mwaka 2013, na Pemba iliungwa kutoka Tanga mwaka 2010. Umeme huo una mwisho wake na una bei yake. Mtambo uliopungukiwa gesi hufanya kazi saa nyingi zaidi kwa ubaridi mdogo zaidi, na hasara hiyo huingia katika hesabu ya afisi kila mwezi bila ya kuonekana.

Kwa afisi, nyuzi 24 hadi 26 zinatosha. Milango na madirisha yafungwe mtambo unapofanya kazi. Vichujio vya mashine za ndani visafishwe kila baada ya wiki mbili, na mashine ya nje ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, khasa kwa majengo yaliyo karibu na pwani. Ghala la dawa liwe na kipimajoto chake ukutani na daftari la kuandikia asubuhi na jioni, kwa maana rimoti huonyesha joto lililoombwa, na si lazima liwe ndilo lililopo. Mtambo ukipungua gesi, isiongezwe kabla ya mvujo kutafutwa na kuzibwa, kwani gesi haitumiki ikaisha, ikipungua, imetoka.

8. Hitimisho

Wakuu wa taasisi, maafisa ugavi na wananchi wanaombwa kuyazingatia maelezo haya kila wanapoagiza au kupokea mtambo wa aina hii. Ubaridi wa siku ya kwanza usichukuliwe kuwa ndio ushahidi wa kazi njema. Ushahidi ni vipimo vilivyofanywa mbele ya mpokeaji, vikaandikwa, na vikatiwa saini na aliyevifanya.